Kioo cha Katikati

Kila mtu ana kitu kinachomkera, lakini Bi Kinyaa alikuwa na orodha. Hakuweza kuvumilia kikombe chenye pete ya chai ndani. Hakuweza kuvumilia sponji la vyombo linalonuka, wala kitambaa kimoja kinachofuta meza, mikono na makamasi ya mtoto kwa zamu. Jina hilo hakupewa na mama yake. Alipewa na mtaa, naye hakulikataa, kwa sababu mwanamke anayesafisha oveni za watu kwa miaka tisa hawezi kuitwa Bi Waridi.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Unaitwa kwenye nyumba ya mtu. Sebule inang'aa, mito imepangwa, mwenye nyumba ananukia hata unavionea haya viatu vyako. Kisha unafungua oveni, na hapo ndipo unapomfahamu vizuri. Nyumba njema si mlango, waliosema hawakukosea. Mafuta ya miaka mitatu yameganda na kuwa lami. Vipande vya nyama vilivyodondoka kabla mtoto wa kwanza hajazaliwa vimegeuka mkaa, na huyo mtoto sasa anakwenda shule. Nyuma ya trei wamelala mende wawili waliokauka, mmoja mgongoni mwa mwenzake. Bi Kinyaa alikuwa akisonya, anavaa glovu mbili mbili, anamgeukia mwenye nyumba na kumwuliza, "Na humu ndimo mnamopikia?" Watu walicheka wakidhani anatania.

Hakuwa akitania hata kidogo. Kwa miaka yote tisa hakunywa hata maji katika nyumba ya mteja. Jioni, akiwa mbele ya chakula chake mwenyewe alichokipika kwa mikono yake iliyotakata, alikumbuka alichokikwangua mchana, akaisukuma sahani. Hakujaliwa mtoto. Mume alikuwa naye zamani, akaondoka akisema yeye alioa mke, hakulazwa hospitali.

Lakini katika oveni nzima hakuna kilichomtia kichefuchefu kama mlango. Milango ya oveni za siku hizi ina vioo vitatu. Kimoja kiko ndani, kinapambana na moto. Kimoja kiko nje, ndicho watu wanachokigusa. Na kimoja kimekaa katikati, hakigusani na moto wala na mtu. Mafuta hupenya kwenye vijinafasi vya juu, yakateremka mpaka katikati ya vioo hivyo, yakaacha michirizi ya kahawia ambayo mwenye nyumba anaiona kila siku na hawezi kuifikia. Bi Kinyaa aliweza. Alikuwa na bisibisi yake na subira yake. Alifungua mlango, akavitoa vioo kimoja kimoja, na kila mara kile cha katikati ndicho kilichokuwa kibaya kuliko vyote, chenye unywele ulioganda, mbawa za wadudu na mayai ya mende yaliyopangana kwenye kona.

Miaka miwili iliyopita, akiwa amepiga magoti jikoni kwa mtu huku akijizuia kutapika, alijiuliza kioo hiki kina kazi gani. Moto hakiuoni, watu hawakigusi. Kazi yake ni kufuga uchafu tu. Akamwita mwenye nyumba. "Hiki kimezidi. Nikitupe?" Mwenye nyumba, ambaye alijua mlango wake una vioo kama anavyojua idadi ya mbavu zake, akasema, "Tupa." Mlango ukarudi na vioo viwili, ukawa mweupe kama maji ya chupa. Keki ilionekana ikiumuka kana kwamba hakuna kitu mbele yake. Mwenye nyumba akaita jirani aje aone, jirani naye akataka afanyiwe.

Basi ukawa ndio mtindo wake. Kila palipokuwa na mlango wa vioo vitatu, aliondoka na kimoja. Hakuvitupa, maana kioo kizima hakitupwi. Alivisugua mpaka vikalia, viwili akavifanya rafu za kabati, kimoja akakilaza juu ya meza ndogo, vingine akavisimamisha nyuma ya kitanda vimefungwa magazeti. Kwa kuwa alikuwa mtu wa utaratibu, kila kimoja alikibandika kikaratasi chenye jina la nyumba kilikotoka.

Jumapili moja alikwenda kwa mdogo wake. Mdogo mtu alikuwa ameoka mikate miwili na alikuwa akioka wa tatu. Akipita na bakuli, mguu wake ukaegemea mlango wa oveni. Akaruka, bakuli likamponyoka.

"Dada, oveni hii siku hizi inaunguza kwa nje," alisema, akilipuliza paja.

Mumewe alikuwa fundi wa vyombo vya umeme, mtu mpole anayezungumza habari za mashine ya kufulia kama mwingine anavyozungumza habari za shangazi yake. Alikwenda kwenye begi lake la kazi, akarudi na kipimajoto, kijisanduku chenye waya na ncha bapa ya chuma. Akaibana ile ncha kwenye mkono wa mlango, akasoma. Nyuzi arobaini na sita. Akaibana ubavuni mwa oveni, akapata arobaini na nane. Akaibana katikati ya kioo cha nje na kusubiri. Namba zilipanda, zikapanda, zikasimama kwenye tisini na moja.

"Chai huchemka kwa mia," alisema. "Nani aliufungua mlango huu?"

"Mimi," Bi Kinyaa akajibu, kwa majivuno kidogo. "Tena niliukuta kinyesi kitupu."

"Kioo cha katikati kiko wapi, shemeji?"

"Kile kilichokuwa na mende? Nilikitoa."

Fundi akakaa kwenye kiti. Akamweleza taratibu, kama anavyowaeleza wateja. Oveni haishikiki kwa moto ndani, lakini kwa nje inatakiwa mtu akiigusa kwa bahati mbaya asidhurike. Kazi hiyo ndiyo ya kioo cha katikati. Kinaigawa hewa mara mbili, joto likivuka mara ya kwanza linakwama mara ya pili. "Kile si kioo cha kutazamia keki," alisema. "Ni blanketi. Umezivua oveni ngapi mablanketi?"

"Kumi na tisa. Na hii."

Kisha fundi akasema jambo ambalo Bi Kinyaa hakulala kwa sababu yake siku nyingi. Mtu mzima akigusa tisini, mkono unarudi wenyewe kabla hajajua. Mzee huchelewa kidogo. Lakini mtoto anayejifunza kusimama huwa ameuegemea mlango kwa viganja vyote viwili. Akiachia anaanguka, kwa hiyo haachii. Anabaki pale pale analia.

Bi Kinyaa alikwenda kunawa mikono. Alinawa mara tatu, kwa sabuni ya vyombo, na aliporudi alikuwa bado anaisugua kwenye gauni. Miaka tisa alikuwa akiwaangalia watu akijisemea moyoni, wachafu wakubwa nyinyi. Sasa kile kichefuchefu, kile kile cha mafuta yaliyooza, kilikuwa kimempanda kooni, na safari hii mwenye uchafu alikuwa yeye. Uchafu wa mafuta hukwanguliwa. Huu wake ulikuwa umekaa katika majiko ya watu kumi na tisa, unangojea mtoto asimame.

Akavirudisha, cha mdogo wake kwanza. Alibomoa rafu za kabati lake, akakitoa kile cha mezani, akavibeba viwili viwili, na kila Jumamosi shemeji yake alimsindikiza na kipimajoto. Utaratibu wa fundi haukuwa na haraka. Oveni iwashwe nyuzi mia mbili, isubiriwe saa nzima, ndipo apime mlango mahali patatu: juu, katikati, na chini kabisa, kwenye urefu wa goti. Baada ya hapo izimwe, ipoe, kioo kirudi mahali pake, iwashwe tena, ipimwe tena. "Kukirudisha tu hakutoshi," alisema. "Lazima nione namba imeshuka." Ilishuka kila mara, kutoka tisini na kitu mpaka hamsini na kitu.

Maana yake ni kwamba Bi Kinyaa alikaa nusu siku nzima katika kila nyumba, amekunja mikono, akiangalia asichotaka kukiangalia. Oveni alizoziacha zinang'aa zilikuwa zimerudi kuwa majalala. Bwana mmoja asiye na mke alikuwa anakaushia viatu humo, na alipoulizwa alisema ni viatu vya ndani. Mwanamke mwingine alikataa kioo katakata, kwa kuwa wageni wake hupenda kuona chakula kinavyoiva. "Utawaonyesha na ngozi ya mguu inavyoiva," Bi Kinyaa akamwambia, akaanza kufungua skurubu bila kungoja jibu. Nyumba nyingi walimsikiliza huku wakiangalia simu, wakasema asante, wakauliza kama wakati yupo angewafutia na trei.

Katika kila nyumba aliuliza swali moja: kuna mtu aliyeungua? Babu mmoja alikuwa na alama kwenye ugoko, akidhani ni ya pasi. Katika nyumba nyingine paka alikuwa ameacha kulala karibu na jiko. Nyumba kumi na nane zikaisha hivyo. Bi Kinyaa akaanza kula tena jioni, kidogo kidogo.

Nyumba ya kumi na tisa ilikuwa ghorofa ya nne, ya mama mmoja mwenye sauti laini aliyekuwa akirudi kutoka kazini saa kumi na moja. Aliwafungulia akiwa amempakata mtoto wa miaka miwili. Mtoto akamnyooshea Bi Kinyaa mkono kama aliyezoea wageni, na kiganja kilikuwa cha waridi, laini, kimevutika, hakina hata mstari mmoja. Kiganja cha pili kilikuwa vile vile.

"Mikono imefanyaje?" Bi Kinyaa aliuliza, ingawa alishajua.

"Yaya," mama akasema. "Mtu mzima kabisa, amelea watoto wa nyumba sita. Alimchoma mwanangu kwenye sufuria au sijui wapi, kisha akasema mtoto kaegemea oveni. Alinifanya mjinga. Oveni hii niliinunua kwa kuwa mlango wake hauchomi. Dukani waliiwasha, wakanishika mkono wakaubandika pale. Nilikuwa najua kabisa anasema uongo."

Fundi akainamisha kichwa. Aliiwasha oveni, na wakakaa saa nzima wanne hao jikoni, mtoto akichezea kifuniko. Kipimajoto kilipofika kwenye urefu wa goti, kikasoma tisini na nne. Bi Kinyaa akasema yote. Alieleza vioo vitatu, mende, na jinsi alivyouliza nikitupe akajibiwa tupa. Hakujipamba wala hakulia, kwa sababu kulia mbele ya viganja vile kungemtia kinyaa zaidi.

Mama alikitazama kile kijisanduku mpaka namba zikaanza kushuka zenyewe.

"Nilimtoa hapa mbele ya majirani," alisema. "Begi lake nililirusha kwenye ngazi. Nikampigia binti yake simu, nikamwambia mama yako anachoma watoto, usimwachie mtoto. Binti mwenyewe alikuwa mjamzito."

"Sasa unaweza kumpigia tena," Bi Kinyaa akasema.

"Nimwambie nini?"

"Kwamba yaya alisema kweli."

Mama akamhamishia mtoto upande wa pili wa kiuno. Sauti yake ikarudi kuwa laini. "Yameshapita, dada. Mtoto amepona, na yule atakuwa ameshapata kazi nyingine. Nyinyi rudisheni kioo. Mimi sitakwenda kokote kukushtaki, na wewe hukuniambia kitu. Tumemalizana."

Bi Kinyaa alimtazama uso mzuri uliopakwa mafuta, na akaona kila jiko alilowahi kulifungua. Lakini kilichomwudhi zaidi hakikuwa mama yule. Ni kwamba kwa muda wa pumzi moja, aliposikia neno tumemalizana, mabega yake yalishuka kwa raha. Alijikuta amefurahi. Akajichukia kwa furaha ile kuliko alivyowahi kumchukia mende.

"Nipe namba ya huyo binti," alisema.

Mama aliiandika kwenye kikaratasi baada ya kioo kufungwa na namba kushuka hadi hamsini na mbili. "Usinitaje," akasema, akafunga mlango.

Binti alipopigiwa kesho yake alisema kwa mkato kwamba mama yake yuko kazini, vyoo vya stendi. Bi Kinyaa akaenda peke yake. Harufu ilimpokea kabla ya kufika, nzito, ya aina ambayo zamani ingemgeuza. Mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, alikuwa anamwaga maji kwa ndoo na kuyafukuza kwa mfagio mrefu. Bi Kinyaa akasimama kwenye maji yale na viatu vyake, akamweleza. Yaya hakuacha kufagia. Aliyafikisha maji kwenye mfereji kwanza.

"Nilimwambia ni mlango," akasema. "Nilikuwa nimegeuka kuchukua mwiko tu. Niligeuka hivi." Akageuka kumwonyesha. "Nilimwambia mpaka nikachoka. Baadaye nikawa najiuliza usiku, au labda kweli nilimshika vibaya mahali. Ukiambiwa sana jambo, unaanza kulikumbuka."

"Hukumshika vibaya. Ni mimi."

Yaya akauegemeza mfagio ukutani. "Binti yangu alijifungua. Mjukuu ana miezi mitano, sijampakata."

"Amekukataza?"

"Hajanikataza. Ni kwamba kila nikinyoosha mikono, mtoto ana usingizi."

"Twende kwake," Bi Kinyaa akasema.

"Nikimaliza zamu."

Bi Kinyaa akachukua ndoo ya pili, akamsaidia kumaliza zamu. Hakuwa na glovu, na hakuuliza kama zipo.

Binti aliishi chumba kimoja, nyuma ya duka la rangi. Alikuwa amekaa kitandani na mtoto mapajani, na alipomwona mama yake aliyageuza magoti kidogo kuelekea ukutani, bila kujua kwamba anageuza. Bi Kinyaa alibaki wima karibu na mlango, maana hakukaribishwa kiti. Akasema yote kwa mara ya pili siku hiyo. Safari hii ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu yaya alikuwa anamsikiliza tena kutoka mwanzo, midomo ikicheza, kama mtu anayehakikisha kwamba maneno hayajabadilika njiani.

"Kwa nini ulikitoa?" binti akauliza.

"Kilikuwa kichafu."

"Kichafu tu?"

"Kilikuwa na mende. Nilisikia kinyaa."

Binti alimtazama kuanzia viatu vilivyolowa hadi kitambaa cha kichwa, polepole, pua imekunjika kidogo. Hakumtukana. Akainuka, akamfuata mama yake, akamwekea mtoto mikononi. Yaya akampokea kwa viganja vilivyochubuliwa na dawa ya vyoo, akamtengeneza shingo, akamweka begani, kazi aliyoifanya miaka thelathini na ambayo mikono yake haikuisahau. Macho yake yalikuwa yamefumba.

Kishuka cha mtoto kikaanza kuteleza. Bi Kinyaa, ambaye hakuwahi kuona kitu kinaelekea sakafuni akakiacha, akapiga hatua na kunyoosha mkono akidake.

"Wewe usimguse," binti akasema.

Bi Kinyaa akaurudisha mkono. Kishuka kikaanguka, binti akakiokota mwenyewe, akakikung'uta, akatafuta kingine kilicho safi. Bi Kinyaa alisimama pale pale mlangoni, mikono ameiweka nyuma, mpaka yaya alipofumbua macho na kumwambia sasa anaweza kwenda.